Msitazame Mnada, Tazameni Kibali

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025, Seneta Mike Lee wa Utah alitangaza kuliondoa kwenye muswada mkubwa wa bajeti pendekezo lake la kuuza sehemu ya ardhi ya umma katika majimbo ya Magharibi ya Marekani. Lilipoanza, lilitaka ziuzwe ekari zaidi ya milioni 2 za serikali kuu katika majimbo 11. Wawindaji, wavuvi, wapanda milima, na hata wanasiasa wa chama chake mwenyewe kutoka Montana na Idaho walisimama kidete, pendekezo likafa. Tangu siku hiyo imezoeleka kuandikwa kwamba kesi imekwisha: umma umeshinda na ardhi imebaki mikononi mwake. Usomaji huo ni wa kosa, tena kosa linalogharimu. Kwa zaidi ya miaka 80, ugomvi wa ardhi za Magharibi haujaamuliwa na swali la kama ardhi inauzwa. Umeamuliwa na masharti ya kibali cha malisho, yaani ruhusa ya kulisha mifugo kwenye ardhi ya umma, na bajeti ya ofisi inayokisimamia kibali hicho, na vifungu vya mistari miwili mitatu vinavyopenyezwa kwenye sheria zinazohusu mambo mengine kabisa. Anayetaka kuona jinsi kazi hiyo inavyofanywa ayafuatilie maisha ya utumishi ya Frank A. Barrett, wakili na mfugaji wa mji mdogo wa Lusk, Wyoming, ambaye alishindwa karibu kila pambano kubwa aliloanzisha, na bado alama zake zimo ndani ya sheria hadi leo.

Barrett alizaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1892, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Creighton, akatumikia kikosi cha maputo cha jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mwaka 1919 akafungua ofisi ya uwakili Lusk, makao makuu ya kaunti ya Niobrara. Alikuwa mwanasheria wa kaunti kuanzia 1923 hadi 1932, kisha seneta wa jimbo kuanzia 1933 hadi 1935. Mwaka 1942 alichaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi mjini Washington, akakaa humo mpaka mwisho wa 1950. Akawa gavana wa Wyoming kuanzia 1951 hadi 1953, halafu seneta wa taifa mpaka Januari 1959, baada ya kushindwa na Gale McGee, mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Wyoming. Mwaka huo huo wa 1959 aliteuliwa kuwa mwanasheria mkuu wa Wizara ya Kilimo. Alifariki Cheyenne mwaka 1962. Ukiyapanga hivi mfululizo, yanaonekana maisha ya mwanasiasa yeyote wa mkoani. Uzito wake unaonekana pale unapojua kibali cha malisho ni kitu gani, kwa sababu kila cheo alichoshika kiligusa sehemu moja ya kibali hicho.

Sheria iliyokizaa kibali hicho kwa ardhi nyingi za umma ilisainiwa na Rais Franklin Roosevelt tarehe 28 Juni 1934, siku ile ile ya mwaka ambayo Lee alisalimu amri miaka 91 baadaye. Inaitwa kwa jina la Edward Taylor, mbunge wa Colorado, naye wakili aliyepitia seneti ya jimbo lake. Kabla yake, nyika ambazo hazikuwa zimechukuliwa na walowezi zilikuwa za anayewahi. Aliyepeleka kundi mapema ndiye aliyekula nyasi, na kwa hiyo kila mtu aliharakisha kupeleka mifugo wakati majani bado machanga, mizizi haijapata nguvu, udongo bado una maji ya theluji. Nyasi za kudumu zikafa na udongo ukaingia mitoni. Sheria ya Taylor ilizigawa nyika katika wilaya za malisho, na ndani ya wilaya mfugaji akapewa kitalu, idadi ya mifugo, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Kibali kinaweza kudumu hadi miaka 10. Upendeleo ulipewa watu wa ndani au karibu ya wilaya wenye ardhi yao au wenye maji yao, yaani wenye kile ninachoweza kukiita shamba mama: mahali pa kuwalisha ng'ombe majani makavu wakati wa baridi, wakisubiri nyika ifunguliwe. Asiye na shamba mama hakuwa na mlango. Wachungaji wa kondoo waliokuwa wakihama na makundi msimu hadi msimu, wengi wao Wabaski kutoka milima iliyoko kati ya Uhispania na Ufaransa, walifungiwa nje kwa kalamu.

Ndani ya kifungu cha 3 cha sheria hiyo mna sentensi mbili ambazo zinavutana, na wakili yeyote aliyelelewa na mifugo huziona mara moja. Ya kwanza inasema kibali hakimpi mwenye nacho haki, hati wala maslahi yoyote katika ardhi. Ya pili inasema mfugaji anayefuata kanuni hatanyimwa kuhuishiwa kibali iwapo kunyimwa huko kutapunguza thamani ya ranchi yake, ikiwa ranchi hiyo imewekwa rehani kwa mkopo wa kweli. Sentensi ya kwanza imeandikwa kwa ajili ya mahakama. Ya pili imeandikwa kwa ajili ya benki. Mahakama Kuu ya Marekani imeishika ya kwanza: mwaka 1973, katika kesi ya Fuller, ilisema serikali inapotwaa ranchi hailazimiki kulipa thamani inayotokana na kibali, na mwaka 2000 ikaunga mkono kanuni za malisho za Waziri wa Mambo ya Ndani Bruce Babbitt zilizowakera wafugaji. Benki zimeishika ya pili. Ranchi yenye kibali huuzwa ghali kuliko isiyo nacho, na mkopo hutolewa kwa bei hiyo ya juu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Malipo hukokotolewa kwa kipimo kinachoweza kuitwa ng'ombe-mwezi: lishe ya ng'ombe mmoja na ndama wake, au kondoo watano, kwa mwezi mmoja. Mwaka 1936 ada ilianza kwa senti 5. Mwaka 2025 ilikuwa dola 1.35, ambacho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na amri ya Rais Reagan mwaka 1986. Mtu mwenye ng'ombe 300 kwa miezi 5 anatumia ng'ombe-miezi 1,500, kwa hiyo kwa ada hiyo ya 2025 alilipa dola 2,025. Kwa bei ya malisho ya watu binafsi, ambayo sasa hupita dola 20, angelipa zaidi ya dola 30,000. Si haki kuichukua tofauti hiyo yote na kuiita zawadi, kwa sababu kwenye malisho ya kukodi kwa mtu binafsi mara nyingi uzio, maji na usimamizi hutolewa na mwenye ardhi, wakati kwenye ardhi ya umma mfugaji hubeba mengi ya hayo mwenyewe, hupoteza ndama kwa wanyama wakali, na hulazimika kuwaachia mageti wazi wawindaji na watalii. Lakini hata ukiyatoa hayo yote, kinabaki kitu, na kitu hicho kimekwisha kuingizwa kwenye bei ya ranchi. Aliyeinunua ranchi mwaka jana alishakilipia. Ukipandisha ada, humnyang'anyi yule babu aliyepewa kibali miaka ya 1930. Unamnyang'anya mnunuzi wa jana. Hapo ndipo hasira inapotoka, na wanaowaona wafugaji hawa kama walafi tu huwa hawajapiga hesabu hii.

Mtu wa kwanza kuisimamia sheria hiyo naye alikuwa wakili mfugaji, ila wa aina nyingine. Farrington Carpenter alisoma Princeton na shule ya sheria ya Harvard, akiwa tayari amejichukulia ardhi ya kilowezi karibu na Hayden, Colorado, mwaka 1907. Alikuwa akifuga ng'ombe wa Hereford na kuendesha kesi mjini. Waziri wa Mambo ya Ndani, Harold Ickes, alimteua mwaka 1934 (huko wizara hiyo ndiyo ya ardhi na maliasili, si ya polisi). Carpenter alianza na wafanyakazi wachache mno kwa makumi ya mamilioni ya ekari. Akazunguka Magharibi, akawakusanya wenye ng'ombe na wenye kondoo ambao kwa miaka mingi walikuwa hawakai meza moja, akawaambia wachague bodi za ushauri za wilaya zitakazopendekeza nani apate nini, kwa kuangalia shamba mama na matumizi ya miaka mitano kabla ya sheria. Kazi ambayo maofisa kutoka Washington wangehitaji miaka mingi kuifanya, bodi ziliifanya kwa miezi, kwa sababu jirani anajua kundi la jirani yake lilikolishwa mwaka 1931. Ickes alimwona amekuwa mikononi mwa wafugaji, na mwaka 1938 Carpenter akaondoka. Mwaka uliofuata Bunge likaziandika bodi zile ndani ya sheria. Kuanzia hapo hazikuwa tena chombo cha mkurugenzi; zilikuwa na miguu yao zenyewe.

Namwelezea Carpenter kwa sababu hoja inayotolewa kila mara mfugaji anapoteuliwa Washington ni ile ya kumkabidhi fisi bucha. Hoja hiyo ina ukweli. Robert Burford, mfugaji na spika wa bunge la Colorado, alipopewa Idara ya Usimamizi wa Ardhi, mrithi wa ofisi ya Carpenter, na Reagan mwaka 1981, moja ya mambo aliyoyasukuma ni mikataba iliyowaachia baadhi ya wafugaji usimamizi wa vitalu vyao, na mahakama ikaifuta mwaka 1985 kwa kuwa serikali ilikuwa imegawa madaraka ambayo sheria haikuiruhusu kugawa. Lakini hoja ya fisi inatazama mtu na kuacha kutazama chombo. Carpenter alikuwa mwadilifu, na bado bodi alizoziunda ndizo zilizokuja kutumika kuibana ofisi aliyoiacha. Barrett naye hakuhitaji kuwa mkurugenzi wa chochote. Alikaa upande wa pili wa meza, upande unaotunga sheria na kuidhinisha fedha, na huko ndiko kisu kilikokuwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Namna kisu hicho kinavyokata ilionekana kati ya 1944 na 1946. Mkurugenzi wa Idara ya Malisho, ile ile iliyoanza na Carpenter, Clarence Forsling, alipendekeza mwaka 1944 ada ipande kutoka senti 5 hadi senti 15. Seneta Pat McCarran wa Nevada, mtoto wa mfuga kondoo aliyekuja kuwa wakili, mbunge wa jimbo na jaji, alikuwa akiichunguza idara hiyo tangu 1941, na kwa vikao vyake akahakikisha ada haipandi. Kwa upande mwingine kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi ilikuwa imekasirika kwamba ada ni ndogo mno kulipia gharama za idara, ikaikata bajeti kwa zaidi ya nusu. Seneti inakataza kuongeza mapato, Baraza linaadhibu kwa kukosa mapato. Mwezi Julai 1946 Rais Truman akaiunganisha idara iliyobaki na Ofisi Kuu ya Ardhi ya tangu 1812, ikazaliwa Idara ya Usimamizi wa Ardhi. Katika wilaya nyingine bodi za wafugaji zilichangia mishahara ya maofisa waliokuwa wakiwasimamia wafugaji hao hao. Hakuna hata ekari moja iliyouzwa, wala sheria ya Taylor haikuguswa. Afisa ambaye mshahara wake unategemea bodi hawezi kupunguza ng'ombe wa mwenyekiti wa bodi.

Mwaka huo huo wa 1946 vyama vya wafuga ng'ombe na wafuga kondoo vilikutana Salt Lake City wakapanga madai makubwa zaidi: nyika ziende kwa majimbo, na hatimaye kwa watu binafsi. Seneta Edward Robertson wa Wyoming alipeleka muswada wa kuyapa majimbo ardhi za malisho. Mwanahistoria Bernard DeVoto, mzaliwa wa Ogden, Utah, akapiga kengele katika jarida la Harper's Januari 1947, na nchi ikaamka. Hapo ndipo Barrett, ambaye chama chake kilikuwa kimepata wingi, aliongoza kamati ndogo ya ardhi za umma kuzunguka Magharibi kati ya Agosti na Oktoba 1947: Glasgow na Billings huko Montana, Rawlins katika jimbo lake, Grand Junction, Salt Lake City, Redding ya California, Ely ya Nevada. Shabaha ilikuwa Idara ya Misitu, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, ambayo ilikuwa ikipunguza idadi ya mifugo kwenye misitu ya milimani. Rawlins ukumbi ulijaa wafugaji, wakapiga miguu chini na kuwazomea waliozungumza kuitetea idara. Magazeti yakaviita vikao hivyo maonyesho ya Magharibi mwitu. Grand Junction mambo yaligeuka: wenyeji wa mjini, wakulima wa umwagiliaji na wawindaji walifika wakiwa wamejiandaa, wakasema maji wanayoyanywa na kunyweshea bustani hutoka kwenye milima ile ile. Kamati ilidai upunguzaji usimamishwe kwa miaka 3, na Waziri wa Kilimo Clinton Anderson akalikataa dai hilo.

Ningependa msomaji asiwaone wale wa Rawlins kuwa watu waliokodiwa kupiga kelele. Ranchi ya milimani hufungwa na msimu wake mwembamba kuliko yote. Mtu ana majani makavu ya kulisha ng'ombe 300 wakati wa baridi, ana mkopo wa ng'ombe 300, ana nyika ya masika na ya vuli ya ng'ombe 300. Idara ikipunguza kibali chake cha msituni kwa asilimia 20, ranchi nzima inakuwa ya ng'ombe 240, hata kama kwingine kote nyasi zimebaki. Riba ya benki haipungui kwa asilimia 20. Mbaya zaidi, idara ilikuwa na desturi ya kupunguza kibali wakati ranchi inapouzwa, maana yake mzee anayetaka kustaafu alikuta thamani ya jasho lake imekatwa siku ya mauzo. Haya ni malalamiko ya kweli. Na upande wa pili, wataalamu wa misitu hawakuwa wakibuni. Walipima mashina ya nyasi, wakaona mimea isiyoliwa na mifugo ikichukua nafasi ya ile inayoliwa, wakaona makorongo yakichimbika chini ya njia za kondoo. Wote wawili walikuwa na haki juu ya kitu kimoja kisichotosha. Mbunge mwenye nia njema angeweza kutunga sheria ya kumfidia mfugaji kwa upunguzaji wa ghafla huku akiiacha idara ipime nyasi zake. Barrett alichagua kuibana idara isipime, na hilo ndilo ninalomlaumu nalo.

Kuna hoja moja upande wa wafugaji ambayo haisimami kabisa, nayo husikika tena kila muswada kama wa Lee unapoibuka: kwamba ardhi hizi ni za majimbo, serikali kuu inazikalia tu, na zirudishwe. Kurudisha ni kumpa mtu kilichokuwa chake. Katiba ya Wyoming yenyewe, iliyotungwa 1889 kwa ajili ya kujiunga na muungano, inasema wananchi wa jimbo wanaachilia milele haki na hati zote juu ya ardhi za umma ambazo hazijagawiwa. Isitoshe, zilishawahi kutolewa bure. Rais Herbert Hoover, kwa kupitia tume yake ya ardhi za umma, alitaka kuyapa majimbo ya Magharibi uso wa nyika, madini yabaki kwa taifa. Majimbo yenyewe yakakataa. Gavana George Dern wa Utah alieleza sababu bila kuzunguka: majimbo yalikuwa tayari na mamilioni ya ekari za namna hiyo yasizoweza kuziuza wala kuzikodisha, kwa nini yatake jangwa jingine? Jimbo linalopokea ardhi bila mapato ya madini hulazimika ama kupandisha ada ya malisho ama kuuza. Mfugaji wa kawaida, ambaye hana fedha za kushindana mnadani na tajiri anayetafuta mahali pa mapumziko au kampuni ya ujenzi wa nyumba, ndiye wa kwanza kupoteza. Wafugaji wengi walilijua hilo 1932 na wanalijua leo, na hii ni sababu mojawapo ya mnada wa Lee kukosa wabebaji.

Hoja dhaifu kuliko hiyo, kwa maoni yangu, inatoka upande unaoshangilia: kwamba kwa kuwa Barrett na wenzake walishindwa, basi walipita kama upepo. Tazama Jackson Hole. Tarehe 15 Machi 1943 Roosevelt alitumia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1906, inayomruhusu rais kutangaza hifadhi bila kupitia Bunge, kutangaza hifadhi ya ekari 221,610 chini ya milima ya Teton, zikiwamo zile ambazo John D. Rockefeller Mdogo alikuwa amezinunua kupitia kampuni iliyoficha jina lake. Barrett alikuwa na miezi michache tu bungeni. Akapeleka muswada wa kuifuta hifadhi, na akaupitisha mabaraza yote mawili mwaka 1944. Roosevelt hakuusaini, Bunge likafunga, ukafa. Kwa kipimo cha washangiliaji, Barrett alipigwa. Lakini ugomvi ulipomalizwa kwa sheria ya Septemba 1950 iliyoiunganisha hifadhi hiyo na Mbuga ya Taifa ya Grand Teton, ujumbe wa Wyoming, yeye akiwamo, ulitoka na mambo manne. Wafugaji wenye vibali waliruhusiwa kuendelea kulisha, wao na warithi wao. Kaunti ya Teton ililipwa kodi iliyoikosa, kwa kiwango kilichopungua mwaka hadi mwaka. Wawindaji wenye leseni waliruhusiwa kupunguza kulungu wakubwa wa elki ndani ya mbuga yenyewe, jambo geni kwa mbuga za taifa. Na jambo la nne: rais hawezi tena kutangaza wala kupanua hifadhi ya namna hiyo katika Wyoming bila idhini ya Bunge.

Jambo hilo la nne lina maneno machache, nalo lingali na nguvu. Marais waliofuata walitangaza Grand Staircase-Escalante mwaka 1996 na Bears Ears mwaka 2016, zote Utah, kila moja ikiwa na zaidi ya ekari milioni moja. Hakuna aliyetangaza hata ekari moja Wyoming. Utah imetumia miaka na fedha nyingi mahakamani kupigania kitu ambacho jirani yake alikipata kwa kifungu kimoja, mwaka ambao magazeti yaliandika kwamba Wyoming imekubali mbuga.

Mfano huo ulijirudia. Muswada wa Barrett, Hugh Butler na Wesley D'Ewart wa 1953, ambao ungekifanya kibali kiwe karibu mali kamili, haukupita. Hata hivyo, sheria ya Granger-Thye ya Aprili 1950 ilikuwa imekwisha kuziingiza bodi za ushauri na vibali vya miaka 10 ndani ya misitu ya taifa. Baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1955 kuhusu Bwawa la Pelton kuashiria kwamba serikali kuu inaweza kudai maji yaliyotengwa pamoja na ardhi yake, Barrett alipeleka muswada wa kuyalinda maji ya majimbo, nao ukafa. Lakini alijua anachokilinda, kwani katika nchi kavu mwenye kisima anatawala nyika inayokizunguka hata kama hana hati yake. Kisha mtu aliyeiburuza Idara ya Misitu kwenye kumbi za Rawlins akawa mwanasheria mkuu wa wizara inayoimiliki idara hiyo, ofisi ambayo kila kanuni ya malisho ya misitu hupita ili kusomwa kabla haijatoka. Wanahistoria huipita miaka ile miwili kwa mstari mmoja. Mimi ningeianzia hapo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, habari hii si ya mbali sana. Miaka ya 1970 shirika la misaada la Marekani liligharimia mradi wa malisho Umasaini, Tanzania, kwa fikra zile zile za Magharibi: mipaka ya malisho, idadi ya ng'ombe kwa eneo, vyama vya ranchi. Kenya ilikuwa imetunga sheria ya ranchi za vikundi mwaka 1968, hati ikiwa dhamana ya mkopo. Kilichosafirishwa kilikuwa kitalu na idadi. Sharti lililoushikilia mfumo huo Wyoming, yaani shamba mama lenye majani ya kungojea msimu, halikuwapo na halikuweza kuwapo mahali ambapo mvua ndiyo inayohamisha kundi. Ranchi nyingi za vikundi za Kajiado ziliishia kukatwa vipande, na vipande kuuzwa. Wabaski wa Nevada wangeutambua mlango huo uliofungwa.

Sasa turudi kwenye mwaka ule wa pendekezo la Lee. Wakati kelele zote zikiwa juu ya mnada, mambo mengine yaliendelea. Septemba 2025 Wizara ya Mambo ya Ndani ilipendekeza kuifuta kanuni ya 2024 iliyoyapa matumizi ya uhifadhi hadhi sawa na malisho na uchimbaji kwenye ardhi inazozisimamia. Oktoba, wizara hiyo na ile ya Kilimo zilitoa mpango wa kuinua ufugaji wa ng'ombe wa nyama, unaotaka vitalu visivyo na mifugo virudishwe kwenye matumizi. Karen Budd-Falen, wakili wa Cheyenne kutoka ukoo wa wafugaji wa Wyoming, alikuwa katika ngazi za juu za Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka huo. Sisemi kwamba hatua hizi zote ni mbaya. Kitalu kilichopumzishwa miaka 15 na kujaa nyasi kavu ni hatari ya moto, na ng'ombe wanaweza kusaidia. Kingine kiko wazi kwa sababu maji yake yalikauka au kwa sababu kondoo wa kufugwa huwaambukiza kondoo mwitu homa ya mapafu. Tofauti ya vitalu hivyo viwili huwezi kuiona kutoka Washington, wala kwenye hotuba ya mtu anayepinga au kuunga mkono. Anaijua afisa wa malisho aliyekwenda na kamba yake ya kupimia, ikiwa afisa huyo bado yupo kazini na ana gari na mafuta.

Idara ya Usimamizi wa Ardhi ina ekari milioni 245, na karibu milioni 155 ziko wazi kwa malisho, chini ya vibali na mikataba ipatayo 18,000. Kila kimoja kinapomalizika kinatakiwa kipitiwe, hali ya nyasi ipimwe, masharti yaandikwe upya. Watumishi wakiwa wachache, mapitio hayamaliziki kwa wakati. Desemba 2014 Bunge lilipitisha kifungu kinachosema kibali kilichoisha kitaendelea kwa masharti yake ya zamani mpaka mapitio yakamilike, bila kuweka siku ya mwisho ya kuyakamilisha. Kifungu hicho hakikuwa kwenye sheria ya ardhi. Kilikuwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, kurasa nyingi baada ya ndege na manowari. Hakuna aliyeandamana. Vibali vya miaka 10 vilivyohuishwa chini yake mwaka 2015 vilianza kuisha mwaka ule wa 2025 ambao watu walikuwa wakishangilia kufa kwa mnada, na vinaweza kuendelea tena na idadi ile ile ya ng'ombe na tarehe zile zile za kuingia na kutoka, hata kama tangu mara ya mwisho hakuna aliyekwenda kutazama nyasi.